Twahara ya Mlimani



Katika mji wa Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 13 kutoka katikati ya mji, kuna kilima ambacho wenyeji wote hukiita Mlimani. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hiki kilianza mwaka 1961 katika jengo moja la mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wachache wa sheria; mwaka 1964 kikahamia kilimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Khabari za elimu yake wamekwisha kuzieleza wajuzi. Mimi nataka kutaja jambo ambalo wapitao hawaliangalii, nalo ni usafi wa mahali kama hapa, na mafunzo tuyapatayo sisi wenye nyumba, misikiti na madrasa.

Mwenye kuja kwa barabara ya Sam Nujoma, akaiacha ghasia ya magari na kuingia chuoni, huhisi mara moja kwamba hewa imebadilika. Miti ni mingi na kivuli kimetanda, na tumbili hurukaruka matawini. Ukumbi wa Nkrumah, ule uliowahi kuchorwa katika noti ya shilingi 500, umesimama katikati ya majani mabichi. Lakini miti hiyo haipumziki kudondosha majani, na maelfu ya watu hupita humo kila siku wakikanyaga, wakila na kuosha. Mahali kama hapo hapasafiki penyewe. Pana watu wenye fagio za chelewa, mafyekeo na ndoo, ambao huanza kazi kabla wanavyuoni hawajafika.

Sasa tufikiri. Kilima kina tabia moja: kila kitu chake huteremka. Maji ya mvua, mchanga, sabuni na mifuko, vyote huenda bondeni, navyo huishia mitoni na baharini. Basi mwenye kukaa juu akisafisha kwake kwa kuteremsha uchafu kwa jirani, hakusafisha. Ameuhamisha uchafu tu. Na msingi wa sheria yetu ni kwamba hapana kudhuriana. Hili ndilo jambo nililotaka kulisema, na mengine yote ni matawi yake.

Tawi la kwanza ni majani makavu. Wengi wetu hudhani kwamba uwanja safi ni ule uliofagiliwa hata ukabaki mchanga mtupu. Katika mteremko, uwanja wa namna hiyo ni hasara, kwani masika yakija huukokota udongo wake na kuacha mizizi wazi. Na wengine, katika mitaa yetu, huyakusanya majani wakayachoma, moshi ukawaingia watoto na wagonjwa wa pumu. Iliyo bora ni kufagia njia na vibaraza, na kuyaacha majani chini ya miti yafunike udongo. Yaliyozidi yarundikwe pamoja na majani mabichi na maganda ya mboga, yanyunyiziwe maji na kugeuzwageuzwa. Baada ya miezi michache huwa mboji ya kutilia bustani. Na nyasi zisikatwe hata mizizini. Zikiachwa urefu wa vidole vinne hushika udongo na kuhifadhi unyevu.

Tawi la pili ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka mto Ruvu, nao ukipungua mji mzima huona taabu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kikaribiacho kibaba chetu. Sisi je, hufungua bomba na kuzungumza? Mvua ya Dar es Salaam kwa mwaka wa kawaida hufikia kiasi cha milimita 1,000. Paa lenye ukubwa wa mita za mraba 100 hupokea basi lita 100,000 kwa mwaka. Hata nusu yake ikitiwa tangini, yatosha kuoshea sakafu na kunyweshea miti muda mrefu. Ama maji yaliyokwisha kutumika, chuo hiki kina mabwawa ambamo maji machafu hutulia na kusafika kwa jua na wadudu wasioonekana kwa macho, na wanavyuoni wake wamechungua namna matete yanavyosaidia kuyasafisha. Wamejifunza kwa maumbile aliyoyaumba Mwenyezi Mungu.

Tawi la tatu ni dawa za kusafishia. Watu hudhani kwamba dawa ikiwa kali zaidi ndipo usafi huwa mkubwa zaidi. Sivyo. Sakafu nyingi hutosheka na sabuni kidogo, kitambaa na nguvu ya mkono. Na lazima ijulikane katika kila nyumba: dawa ya klorini, ile watu waitayo jiki, haichanganywi kabisa na asidi ya kusafishia vyoo. Zikikutana hutoa hewa ya sumu iunguzayo mapafu. Mtu wa kwanza kuivuta hewa hiyo ni mfagizi, ambaye mara nyingi hana glavu wala hakuelezwa.

Na hapa ndipo penye hukumu yetu sote. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba alikuwapo mwanamke mmoja (na mpokezi mmoja ametia shaka kuwa labda ni mwanamume) aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume. Akafa, na Masahaba wakaona jambo lake ni dogo, wasimwarifu Mtume. Alipouliza na kuambiwa, alitaka aonyeshwe kaburi lake, akamsalia. Basi mwenye kumpita mfagizi bila ya salamu, akatupa ganda alipofagia sasa hivi, na ajipime mwenyewe kwa kisa hiki.

Enyi wazazi na walimu, tusingoje vyuo vikuu vitufundishe. Kila madrasa ichimbe shimo la mboji, iweke pipa chini ya mfereji wa paa, na ipande mti, kwani anayekula tundani mwake, awe mtu au ndege, humwandikia mpandaji sadaka. Nasi tuwazoeshe watoto kuuliza swali moja kila wanapomwaga ndoo: maji haya yanakwenda kwa nani?

Wabillahi tawfiq.