Mpira Namba 17

Mzee aliyenipangisha chumba hapa Chicago ana mipira ya besiboli 41. Yote ilitoka mchezoni ikaangukia jukwaani, ikadakwa na yeye au mtu aliyekaa naye, kisha wakatafuta mchezaji wa kuisaini. Hukaa kabatini mbali na dirisha, maana jua hufifisha wino. Saini inayopendwa ni ya kalamu ya biki ya bluu, iwekwe pale mishono miwili inapokaribiana. Wino wa kalamu nene husambaa kwenye ngozi.

Mwezi Machi, akijiandaa kuhamia kwa binti yake, aliniomba nimwandikie orodha ya kuuzia. Nasomea uzamili wa utunzaji wa nyaraka, akaona amepata fundi. Nikavaa glavu, nikachora jedwali: namba, tarehe, aliyesaini, ushahidi.

Safu ya ushahidi ilibaki tupu. Tangu 2001 ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina watu wanaokaa uwanjani kushuhudia mpira ukitoka mchezoni, kisha wanaubandika kibandiko chenye namba. Ukishaingia kwa watazamaji na kupita mikono mingi, kwa kawaida hawauthibitishi tena. Na mingi ya Mzee ni ya kabla ya mwaka huo. Mnunuzi tuliyempigia simu hakuzunguka: bila hati, na kwa majina yasiyo makubwa, hatoi zaidi ya bei ya mpira mpya dukani.

Mzee hakuonekana kuumia. Kilichomuumiza kilikuwa changu.

Mpira namba 17 ulikuwa na mwandiko nilioshindwa kuusoma. Nikaandika: "Saini haitambuliki." Jioni alisoma orodha mstari kwa mstari, miwani imeshuka puani. Alipofika 17 akanyamaza.

"Huyo ni mke wangu," akasema.

Marehemu mkewe aliudaka Wrigley Field kwa mkono mtupu, kidole kikavimba. Walimsubiri mchezaji nje ya uwanja mpaka taa zikazimwa, hakutokea. Wakiwa kwenye treni, mama akaomba kalamu akausaini mwenyewe. Alisema aliyeudaka ni yeye, sasa jina la nani tena?

Nikamwomba radhi.

"Hukukosea kusoma," akanijibu. "Hukuniuliza tu."

Siku tatu nzima nilikuwa naishika mipira yake, na mwenyewe alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka nilipokaa. Darasani nimefundishwa kwamba kitu kisicho na historia ya mikono kilimopita hakiaminiki. Historia hiyo ilikuwa inaniletea chai, nami nasema asante bila kuinua macho.

Nikafuta jedwali. Tukaanza upya na mpira wa kwanza, glavu nikazivua. Nilimuuliza siku hiyo alikaa na nani, mvua ilinyesha, walikula nini. Tulipofika wa sita alikuwa amesinzia, mpira ukiwa bado kiganjani. Nikamfunika blanketi, nikaacha taa inawaka. Kesho tunaendelea na wa saba, na binti yake anakuja Jumamosi.