Akitimiza miaka 18, mfumo unamsahau

Wasomaji wangu mmezoea kunisoma nikilalamika kuhusu seva na hifadhidata. Leo pia ni hifadhidata, ila hii imo ndani ya mfuko wa plastiki wa mama mdogo wangu, kule Umoja.

Binamu yangu ana miaka 24 na ana usonji. Haongei sana, na akiongea mara nyingi ni habari za matatu. Namba zote za Eastlands anazijua: 58 ya Buruburu, 33 ya Embakasi, 35/60 ya kwetu, na ukikosea atakusahihisha hata mbele ya mchungaji. Lakini huwezi kumwacha peke yake na jiko la gesi, na mtu akimgusa ghafla kwenye foleni anaziba masikio na kupiga kelele. Mama yake ana miaka 61. Ndiyo maana naandika.

Watu wengi wakisikia usonji wanawaza watoto. Hata huduma zetu zilianzia huko. Mwaka 2003 Shule ya Msingi ya City, pale Ngara, ilifungua kitengo cha watoto wenye usonji, na mwaka huohuo kikaanzishwa Chama cha Usonji Kenya. Kwa wazazi waliokuwa wakifungia watoto nyumbani hiyo ilikuwa hatua kubwa sana. Kuanzia 2017 kila mwanafunzi alipewa namba yake kwenye mfumo wa Wizara ya Elimu ulioitwa NEMIS. Basi, mwanafunzi akimaliza shule, namba ile inabaki kule. Akifika miaka 18 anachukua kitambulisho, namba nyingine, wizara nyingine. Kupimwa ulemavu ni kazi ya hospitali ya serikali, na hospitali nyingi ziko chini ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Kadi ya ulemavu inatolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa chini ya Sheria ya 2003, na baraza hilo liko upande wa Wizara ya Leba. Mwanaprogramu yeyote anayesoma hapa ameshaona tatizo: majedwali manne na hakuna ufunguo unaoyaunganisha. Kinachoyaunganisha ni mama mdogo, na vyeti vyake, na nauli yake.

(Maisha Namba, iliyoanza 2023 na kupitia kesi kadhaa mahakamani, inaahidi namba moja tangu kuzaliwa hadi kufa. Namba ikifika nitaishangilia, lakini namba peke yake haimpigii mtu simu kumwambia kijana wako amemaliza shule, sasa njoo huku.)

Siku hizi maombi ya kadi yanapitia eCitizen, jambo ambalo mimi kama fundi wa programu nalipenda. Foleni zimepungua, na kwa kijana kama huyu foleni ndiyo adui. Lakini nilipokaa na mama mdogo kujaza fomu niliona mfumo unadhani kitu kimoja kuhusu binadamu: kwamba mtu mzima ni kitambulisho kimoja, simu moja na akili inayosoma ujumbe mfupi na kuandika namba ya siri kabla haijakwisha muda. Akaunti ni ya kijana. Laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho chake, ila simu yenyewe inakaa kwenye mkoba wa mama. Kwa hiyo kila anapomhudumia mwanawe inabidi aingie akijifanya ni yeye. Tulipokwama tukaenda ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Karani akamwambia, "Mama, huyu ni mtu mzima, aongee mwenyewe." Dakika tano baadaye karani huyohuyo akauliza, "Na mtoto anakula sawasawa?"

Wale wa Linux mtanielewa nikisema hivi: mama mdogo amepewa root, na hakuna logi. Anaweza kila kitu kwa jina la mwanawe, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni yeye aliyefanya. Ni mama mzuri, hatutegemei abaya. Lakini akiichukua simu ile mjomba asiye mzuri? Njia nyingine, ile ya Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, ni kwenda mahakamani ili ateuliwe mtu wa kusimamia mali ya mgonjwa. Wakili, gharama, na kijana anabaki bila kauli katika mambo yake. Kinachotakiwa ni kitu kama sudo: kijana abaki mwenye akaunti, msaidizi aingie kwa jina lake mwenyewe, ruhusa ziwe chache, kila tendo liandikwe. Hiyo si ndoto yangu. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu kinasema mtu asaidiwe kuamua, na Kenya iliuridhia mwaka 2008.

Kwa nini hakijajengwa? Nadhani ni kwa sababu hawahesabiwi. Sensa ya 2019 ilipata kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi, kama watu 900,000, wana ulemavu. Maswali yalikuwa juu ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujitunza na kuwasiliana. Wenye ualbino waliulizwa peke yao, wakapatikana 9,729. Usonji haukuwa na swali lake. Ukimuuliza mama mdogo kama kijana anatembea, anatembea, tena haraka kuliko mimi!

Na pesa za Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi, ni za ulemavu mkali kwenye nyumba maskini. Kijana anayetaja namba za matatu machoni pa watu haonekani "mkali".

Huko California wana sheria ya 1969 iitwayo Lanterman, na vituo 21 ambako mtu mwenye ulemavu wa namna hii hupewa mratibu wa huduma zake hata akishakuwa mzima. Wazazi wa huko nao hulalamika, na bajeti yao si yetu. Lakini mratibu ni mtu anayelipwa. Wa kwetu ana goti bovu na kibanda cha mboga.

Kwa sasa tumeandika faili moja la maandishi, si programu, kurasa mbili tu. Namba zote, tarehe za kadi, dawa, nani anaruhusiwa kufanya nini. Binamu yangu mdogo wa kike, mwenye miaka 19, amekubali kuwa wa pili kwenye orodha. Kijana mwenyewe tulimuuliza anataka kuishi na nani baadaye, akasema dada, na karibu na stendi. Tumeliandika kama alivyosema. Nakala moja imo kwenye mfuko wa plastiki, nyingine ninayo mimi, na ya tatu bado tunabishana nani apewe.