Nani ni mugeni Katanga?

Nani ni mugeni huku kwetu Katanga? Usijibu upesi.

Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilituma watu Kasai na Rwanda kuandika vijana, kwani watumikaji wa huku hawakutosha. Waliletwa kwa mukataba, wakapewa nyumba ya kambi na posho, wakaita bibi zao. Watoto walizaliwa huku. Kasai yenyewe, wengi waliijua kwa mudomo wa babu tu.

Mwaka 1992 Konferansi ya Taifa ilimuchagua Étienne Tshisekedi, mwana wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza. Ugomvi wa wakubwa ukashukia watumikaji. Kwa sheria Mukasai alikuwa raia kama mimi. Hakuna bunge lililomwita mugeni. Lakini gavana Kyungu wa Kumwanza na chama chake UFERI walihubiri Katanga ya Wakatanga, na neno moja likatosha: bilulu, ni kusema wadudu. Kule Likasi makumi ya maelfu walilala kwenye stesheni wakingoja treni. Mwaka 1993 ikafika zamu ya Kolwezi. Fundi aliacha mashini, nyumba, na makaburi ya wazazi. Gécamines nayo ikapoteza mikono iliyojua kazi. Niambie, nani alipata faida?

Miaka hii vijana wa Kasai wanashuka tena Lubumbashi kutafuta kazi. Na sokoni nasikia neno lile lile katika vinywa vya vijana waliozaliwa nyuma ya 1993. Hawakulisoma katika sheria yoyote. Nadhani walilipata nyumbani, mezani, wakubwa wakiongea.