Kosa la Mwenye Jezi

Mwishoni mwa miaka ya 1990, nilipopangiwa kufundisha katika shule moja ya bweni ya wavulana mkoani Kilimanjaro na kukabidhiwa michezo, nilikuta sheria ya ulevi ina mstari mmoja tu: atakayekutwa na pombe au bangi atafukuzwa. Haikutaja atafukuzwa baada ya muda gani, na timu ya mpira ilikuwa ikipita katika mwanya huo miaka nenda rudi.

Mambo yalikwenda hivi. Mchezaji akikamatwa wakati wa maandalizi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mwalimu wa nidhamu anaandika jina, faili linafungiwa kabatini, kijana anaendelea na mazoezi. Mashindano yakiisha, ngazi ya wilaya au ya mkoa kutegemea tumefika wapi, faili linatolewa. Kama tumerudi na kombe, kosa liliishia kwenye viboko na onyo. Kama tumetolewa mapema, kijana alirudi kwao na godoro lake. Asiyecheza mpira hakuwekewa faili kabatini. Huyo alipewa barua siku hiyohiyo, na jioni ungemwona kituoni na sanduku lake la bati akingoja basi.

Wanafunzi walilijua hilo kuliko sisi. Walisema waziwazi kwamba jezi ni bima, na wako waliojiunga na timu kwa ajili hiyo tu. Niliwajua kwa jinsi walivyokimbia mazoezini, maana hawakuwa wakikimbia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikasimamisha UMISSETA pamoja na UMITASHUMTA ya shule za msingi, kwa hoja kwamba michezo inakula muda wa masomo. Goli letu la upande wa bwalo likaota majani. Ndiyo miaka pekee katika shule ile niliyoona mchezaji na asiye mchezaji wakihukumiwa sawasawa, kwa sababu hapakuwa na kombe la kugombea. Kanuni nazo zilibadilika. Mwaka 2002 viboko vikapunguzwa visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, tena viandikwe kitabuni. Kanuni nyingine za mwaka huohuo zikataja dawa za kulevya miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mwanafunzi hata kama hajashitakiwa popote. Kuhusu jezi hazikusema lolote. Hilo liliachiwa kila shule na busara zake.

Michezo iliporudi wakati wa serikali ya awamu ya nne, ilikuta viroba vimeshatapakaa. Asiyevikumbuka ni mdogo sana au alikuwa hatoki nyumbani. Konyagi na jamaa zake walifungwa katika vipakiti vya plastiki vya kukunjika, shilingi 500 unakipata, na duka lililouza daftari na sabuni liliviuza pia, vikining'inia mlangoni kama shampuu. Chupa ya bia haifichiki bwenini. Kiroba kinaingia popote.

Kile kilichonisumbua zaidi kilikutwa ndani ya soksi ya mpira, kimebanwa nyuma ya kinga ya ugoko. Kilikuwa kimekatwa kona kwa meno na kubaki nusu. Soksi ilikuwa ya mlinda mlango wetu, kijana wa Kidato cha Tatu, na nusu iliyokosekana alikuwa ameinywa jirani yake wa kitanda cha juu, ambaye hakuwahi kugusa mpira maishani. Wote wawili walikiri. Wakati huo tulikuwa na mkuu wa shule mpya, mtu wa dini, mnyoofu, aliyechukizwa na ile habari ya kabati. Akaamua kuikomesha. Kila mmoja alisimamishwa masomo wiki mbili. Mlinda mlango akaongezewa: asicheze mwaka mzima, na jezi airudishe mstarini mbele ya shule nzima.

Aliirudisha akiwa ameikunja vizuri. Yule jirani ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "Mwalimu, si tumekunywa wote?"

Jibu alilopewa nimelisikia katika kila shule niliyopita baada ya hapo: mchezaji ni kioo cha shule. Sikulikubali siku ile na silikubali leo. Muhula huohuo kiongozi wa kwaya, aliyetuwakilisha mbele ya askofu, alikamatwa na kete ya bangi, akasimamishwa wiki mbili, akarudi kuimba. Mbona yeye hakuwa kioo? Na hata kama mchezaji ni kioo, sisi ndio tuliomfanya hivyo bila kumuuliza. Mtoto wa miaka 15 alikuja kudaka mipira. Tulianza kwa kumfichia kosa kwa sababu ya jezi, tukahamia kumzidishia adhabu kwa sababu ya jezi ileile, na mara zote mbili tukaita nidhamu.

Mlinda mlango alirudi baada ya wiki zake mbili, akakaa mwezi mmoja na ushei, akaacha shule. Mpira ndio uliokuwa ukimwamsha asubuhi. Yule wa kitanda cha juu alimaliza Kidato cha Nne na kufaulu vizuri tu.

Katika kikao kimoja cha walimu, mwenzetu aliyekuwa ametoka kusoma Marekani alipendekeza tuwapime wachezaji mkojo. Alieleza kwamba huko jambo lilifika Mahakama ya Juu. Mwaka 1995, katika kesi ya shule za Vernonia, jimbo la Oregon, majaji 6 kwa 3 waliruhusu shule iwapime wanamichezo hata bila kuwashuku. Sehemu ya hoja ilikuwa kwamba anayejiunga na timu amezoea kuvua nguo mbele ya wenzake, na kwa kujiunga amekubali sheria zaidi ya wengine. Mwaka 2002 mahakama hiyo ikaruhusu upimaji ufike hadi kwa wanakwaya na wengine walio katika shughuli za nje ya masomo. Nikamwambia, angalau kule wamewakumbuka na waimbaji. Mhasibu akauliza vipimo vitanunuliwa kwa fungu gani wakati chaki tunakopa, na pendekezo likaishia hapo.

Viroba vilipigwa marufuku nchi nzima Machi 1, 2017. Vilitoweka madukani haraka kuliko nilivyotarajia, nami ninakiri kwamba amri ile ilisaidia shule kuliko hotuba zetu zote za mstarini. Pombe yenyewe haikwisha, ila ilirudi kwenye chupa, na chupa inaonekana. Mirungi ya kutoka milima ya Upare iliendelea, ingawa sheria ya dawa za kulevya ya 2015 inaihesabu pamoja na bangi.

Wakati huo nilikuwa nimehamia shule ya kata, ya kutwa, wasichana na wavulana. Huko ndiko mawazo yalikobadilika kweli, na aliyeyabadilisha ni mwanafunzi. Mwaka 2021 mkimbiaji Sha'Carri Richardson alishinda mita 100 katika mchujo wa Marekani, akapimwa, akakutwa na bangi, akaikosa Olimpiki ya Tokyo. Nilidhani hilo ni somo tosha, nikalipeleka kwa timu ya riadha. Binti mmoja wa mita 400 akauliza alifungiwa muda gani. Mwezi mmoja, nikasema. "Sasa Mwalimu, yeye mwezi mmoja, sisi tunafukuzwa kabisa?"

Nilirudi nyumbani nikasoma. Ni kweli. Tangu 2021 kanuni za dunia za kupambana na dawa michezoni zinasema mwanamichezo aliyetumia bangi nje ya mashindano, bila nia ya kuongeza nguvu mchezoni, hufungiwa miezi mitatu, na akikubali programu ya matibabu inaweza kushuka hadi mmoja. Pombe iliondolewa kabisa katika orodha yao mwaka 2018. Mtu mzima anayelipwa kukimbia anapewa tiba na njia ya kurudi, ilhali mtoto wa Kidato cha Pili anapewa barua. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatoa waraka wa kuwarudisha shuleni waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliopata ujauzito. Mkuu wetu wa shule akasema, kama mlango wa kurudi upo, hakuna haja ya kuwa wepesi wa kufukuza.

Tukaandika upya. Kamati ilikuwa na walimu, mzazi mmoja, kiranja mkuu, kapteni wa netiboli na kiongozi wa kwaya. Kosa la kwanza: mzazi anaitwa, mwanafunzi anaonana na mwalimu wa ushauri nasaha kila wiki kwa muhula mzima, na yeyote anayeiwakilisha shule, iwe kwa mpira, wimbo au mdahalo, anakosa safari inayofuata. Mazoezini lazima aje. Hilo la mazoezi nililipigania mimi, kwa sababu ya yule mlinda mlango.

Kanuni hiyo ilikwenda vizuri hadi ilipokutana na mbege, pombe ya ndizi. Kijana wetu wa winga na binamu yake, asiyecheza chochote, walikunywa katika sherehe ya kipaimara nyumbani kwao siku ya Jumamosi. Habari ikafika shuleni Jumatatu. Tulipomwita mzazi, akaja babu, koti jeusi na fimbo, akakaa kabla ya kukaribishwa. "Mwalimu," akasema, "mbege nilimpa mimi kwa mkono wangu. Kama kuna wa kusimamishwa, nisimamisheni mimi." Tulicheka, yeye hakucheka. Winga akakosa robo fainali ya wilaya. Binamu, aliyekunywa kibuyu kilekile, hakukosa kitu kwa sababu hakuwa na safari ya kukosa.

Kapteni wa netiboli ndiye aliyelisema katika kikao kilichofuata: tumeandika kwamba wote ni sawa, lakini bado anayelipa ni mwenye jezi. Alipendekeza anayekosea bila kuwa na safari apewe kazi ya mikono ya saa zilezile, na kinachonywewa nyumbani mbele ya wazee kisihesabiwe, isipokuwa siku ya kuamkia mechi. La kwanza lilipita bila ubishi. La pili liko kwa Bodi ya Shule hadi leo. Mwalimu wa nidhamu anasema mbege ni pombe kama pombe nyingine, na tukianza kupima nani kammiminia nani tutarudi kwenye kabati. Mimi naona shule haina mamlaka sebuleni kwa babu wa mtu. Tunalibishania karibu kila siku kwenye chai ya saa nne, na wiki iliyopita mwalimu wa dini aliingia upande wa mwalimu wa nidhamu.