Je, Nyimbo Nzuri Zimekwisha Kuimbwa?

Ukitaka kuwasikia wazee wa usharika wetu wakiwa na kauli moja, waulize habari za kwaya. Tofauti zao juu ya paa la kanisa, juu ya ahadi za jengo na juu ya shamba la usharika hukoma papo hapo. Wote watakuambia kwamba kwaya za siku hizi hazina kitu. Watakutajia kaseti walizozicheza mpaka utepe ukakatika, nao wakauunga na kuucheza tena. Watakutajia Barabara ya 13 ya Ulyankulu, Mtoni Lutheran, Upendo Group ya Kijitonyama. Kisha watatikisa vichwa na kusema, "Baba Mchungaji, nyimbo zilikwisha. Sasa zimebaki kelele."

Ajabu ni kwamba vijana wetu, wale wanaolaumiwa, wana ugonjwa uleule. Wanapenda katuni za Kijapani wanazoziita anime, wanapokezana kwenye simu na flashi, na tumewasikia wakibishana nje ya ofisi ya usharika kwamba zile zilizo bora zilikwisha kutengenezwa zamani. (Kijana wa miaka 19 akisema "zamani", anamaanisha alipokuwa darasa la tano.) Hao nao wana mzee wao wa kumlilia, Hayao Miyazaki, ambaye mwaka 2013 alitangaza kwamba anastaafu kutengeneza filamu ndefu. Watu wakasema basi, kilele kimepita. Mwaka 2023 akatoa nyingine, na mwaka 2024 ikapewa tuzo ya Oscar, mwenyewe akiwa na miaka 83. Tuliposikia hayo tulimkumbuka Sara aliyecheka nyuma ya mlango wa hema.

Mhubiri, katika sura ya 7, anatuonya tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi. Anasema swali hilo halitoki katika hekima. Lakini Maandiko hayawadharau wanaolia. Katika Ezra sura ya 3, msingi wa hekalu la pili ulipowekwa, wazee waliokuwa wameiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, na wengine walipiga kelele za furaha, hata mtu asiweze kupambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio. Hakuna aliyewakemea wale wazee. Walikuwa wameona kitu cha kweli.

Tuseme basi lililo la kweli katika malalamiko ya wazee wetu. Nyimbo nyingi tunazoletewa leo zimefanana mno. Mdundo umo tayari ndani ya kinanda, kwaya inaukuta pale na kuuvaa kama sare ya kuazima. Fedha nyingi huishia studio na kwenye video, mwalimu wa kwaya akibaki na nauli tu. Na maneno! Hesabu nyimbo kumi za mwaka huu, utaona ni ngapi zinazomwomba Mungu awaaibishe majirani, na ni ngapi zinazosimama chini ya msalaba. Kwa sisi Walutheri hilo si jambo dogo. Kitabu chetu cha kwanza cha nyimbo, kilichochapwa Ujerumani mwaka 1524, kilikuwa na nyimbo 8 tu, na 4 kati ya hizo zilikuwa za Luther mwenyewe. Hakutunga ili kupamba ibada. Alitaka mtu asiyejua kusoma aondoke kanisani na Injili mdomoni.

Hata hivyo wazee wanasahau kwamba kumbukumbu ni ungo. Kaseti mbaya za wakati ule zilikuwepo, tena nyingi. Hakuna aliyezitunza. Tunalinganisha nyimbo kumi bora za miaka thelathini na zote zilizoimbwa Jumapili iliyopita, kisha tunashangaa kwamba za zamani zimeshinda.

Sisi tuliopitia chuo cha theolojia tulifundishwa habari za Makumira ya miaka ya 1960, wakati Howard Olson, mwalimu na mmisionari kutoka Marekani, alipowatia moyo Wakristo wa huku wamwimbie Mungu kwa mahadhi ya makwao. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa alitunga wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa mahadhi ya Kihaya, na Wilson Niwagila akatunga "Njoo kwetu, Roho Mwema". Leo nyimbo hizo zimo katika vitabu vya Walutheri wa Marekani pia. Olson alikusanya nyingi za namna hiyo katika "Tumshangilie Mungu". Lakini tukumbuke zilizaliwa katika hali gani. Katika sehemu nyingi za nchi ngoma ilikuwa imefungiwa nje ya kanisa, na wimbo halisi ulihesabiwa kuwa ule uliotoka Ulaya. Mtu wa wakati huo aliyependa vya zamani angeweza kusema kwamba kilele kilikuwa Leipzig, kwa Bach, na kwamba kilichobaki ni kutafsiri.

Kwetu Ufipa tunao mfano wa ufundi uliokwisha kweli. Mnayajua malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambayo mabaki yake bado yamesimama huku juu kwenye nyanda zetu. Mafundi wa Kifipa waliyeyusha chuma humo bila kupuliza mivukuto. Urefu wa tanuri wenyewe ulivuta hewa kupitia matundu ya chini. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Ufundi huo ulikoma katika karne ya 20, na si kwa sababu mafundi walipungukiwa na akili. Majembe ya dukani yalikuja, na kazi ya ilungu ikaisha. Basi tunapoulizwa kama nyimbo zimekwisha, sisi tunauliza kwanza kama kazi ya wimbo imekwisha. Tunazika kila mwezi. Tunalima, tunangoja mvua, tunabatiza. Jembe la dukani la mambo hayo hatujaliona.

Jambo hili kwetu si la mazungumzo tu. Binti mmoja wa kwaya ya vijana ametunga wimbo kwa Kifipa. Unamhusu mama aliyepanda mahindi kwa imani, mvua imekuja na mbolea haijafika, naye anamuuliza Mungu maswali ambayo wengi wetu tunayaogopa. Ulipoletwa barazani, mzee mmoja alisema nyimbo zilizomo kitabuni zinatosha. Mwingine alisema Kifipa ni cha nyumbani, na hapo alikuwa na hoja, maana usharika wetu una Wanyakyusa, Wasukuma na watumishi wa serikali kutoka kila upande. Lakini vijana watatu walikuwa wamekwisha kuhamia kanisa jingine mjini, na binti huyu alikuwa ameitwa huko. Tuliwaambia wazee waziwazi: tukimwambia kwamba nyimbo nzuri zilikwisha kabla hajazaliwa, tumemwambia pia kwamba Mungu alikwisha kusikia yote ambayo Sumbawanga inaweza kumwambia.

Baraza lilibishana mpaka jioni. Fedha zilizotengwa kwa kinanda kipya zimegawanywa, nusu kwa masomo ya muziki ya walimu wa kwaya, na wimbo utaimbwa Sikukuu ya Mavuno, beti mbili kwa Kifipa na moja kwa Kiswahili. Ule wa Kiswahili bado ni dhaifu. Umejaa maneno ya kuazima kwenye redio, nasi tumemwambia hivyo. Anayemfundisha kuandika nota za sol-fa ni yule mzee wa kaseti aliyesema zimebaki kelele. Wanakutana kila Alhamisi saa kumi, na juzi tulimsikia akimwambia ashushe mstari wa tatu, kwa sababu tena wetu ni wawili tu na mmoja ana kikohozi.