Imani mbele ya bahasha



Tangu Floribert Bwana Chui atangazwe Mwenyeheri kule Roma, tarehe 15/06/2025, hapa Goma hata sisi Waprotestanti tunamtaja kama mtoto wa kwetu. Ni haki. Alizaliwa hapa hapa mwaka 1981, akasoma sheria, akafanya kazi OCC, ile ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Watu walimtolea pesa ili apitishe chakula kilichoharibika kutoka Rwanda. Akakataa. Tarehe 07/07/2007 alitekwa, kisha akauawa. Alikuwa na miaka 26.

Wengi wanapenda kusimulia kifo chake. Kinachonigusa mimi ni ile siku ya kazi kabla ya kifo: karatasi, muhuri, na watu asiowajua ambao wangekula chakula kile. Hapakuwa na kwaya pale.

Sisi waandishi wa habari tuna mtihani wetu, unaitwa coupage. Ukienda kufuata mkutano wa shirika au wa mkubwa fulani, mwishoni unapewa bahasha, eti ya usafiri. Wengi hatuna mshahara, basi bahasha ndiyo mshahara. Simhukumu mwenzangu. Lakini aliyetoa bahasha ana matumaini yake: usiandike kwamba wakimbizi walirudi mikono mitupu.

Nilirudisha moja, ya dola 20. Ulikuwa ugawaji wa chakula, na nilikuwa nimezungumza na akina mama ambao majina yao yalikosekana kwenye orodha. Niliandika nilichokiona. Tangu hapo sikualikwa tena, na wengine wawili waliokuwa wakiniita wakanyamaza. Mwezi uliofuata mtoto wetu akafukuzwa shuleni juu ya minervali. Mama watoto hakunilaumu, aliniuliza tu:

"Haya, baba watoto, hiyo haki yako tutaipika na nini?"

Hapo ndipo ninawageukia wachungaji wetu, kwa heshima yote. Jumapili mnatuambia tukatae rushwa, nasi tunaitika amina. Mwenye sadaka nene anaketi mbele, hakuna anayemuuliza pesa ilipita njia gani. Yule aliyepoteza kazi kwa kukataa kutia sahihi anaketi nyuma, na yeye pia hakuna anayemuuliza amekula nini. Tunachanga kwa harusi, kwa msiba, kwa vyombo vya muziki (hivyo havikosi kamwe!). Mchango kwa mtu aliyepata hasara kwa kusema kweli sijauona bado. Shemasi mmoja wa mtaani kwetu alilipa nusu ya ile minervali kutoka mfukoni mwake, wala hakuitangaza.

Jirani yetu mmoja anauza mchele katika soko la Virunga. Makopo mengi pale yamepigwa kitako mpaka kimeingia ndani. Unalipa kopo zima, unapata pungufu. La kwake halijapigwa. Ila wateja hawaangalii kitako, wanaangalia bei, na bei yake iko juu kidogo. Nilimuuliza kwa nini anaendelea hivyo. Akacheka.

"Papa, na mimi nina watoto ninaowatuma sokoni."

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, wenzake wanafunga vitu. Gunia lake lilikuwa bado nusu.