Mlangoni pa kanisa la Liuli

Oktoba 1966 nilikuwa na miaka 13, na kazi yangu katika safari ile ilikuwa kubeba blanketi la Babu na kibuyu cha maji. Tulitoka Umatengo usiku, tukashuka milima kuelekea Ziwa Nyasa, kwenye msiba wa dada yake aliyeolewa Liuli.

Babu alikuwa katekista kwa zaidi ya miaka 30. Alifundishwa na mapadre Wabenediktini, ambao misioni yao ya Peramiho ilianza mwaka 1898, na katekisimu aliijua kwa kichwa. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba Mkatoliki hakanyagi kanisa la Waprotestanti. Dada yake alipoolewa na Mwanglikana, hakwenda harusini. Shemeji alipofariki, hakwenda kuzika.

Nikiwa mtu mzima nilisoma Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917. Kanuni ya 1258 ilikataza kweli kushiriki ibada za madhehebu mengine, lakini iliacha nafasi: kwa sababu nzito mtu aliweza kuhudhuria mazishi au harusi, mradi asishiriki ibada yenyewe. Niliposoma hayo niliumia. Babu alipitwa na mazishi ya shemeji yake kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Kisha ukaja Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano. Misa tukaanza kuisikia kwa Kiswahili, padre akitutazama usoni. Wazee wengine walinung'unika. Babu, aliyetufundisha sisi watumishi wa altare kuitikia Kilatini neno kwa neno, alinyamaza na kuanza kujifunza upya. Jioni moja padre aliwaeleza makatekista Hati ya Uekumene, iliyopitishwa tarehe 21 Novemba 1964: kwamba waliobatizwa nje ya Kanisa Katoliki nao ni ndugu zetu katika Bwana. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikimsubiri Babu, nikasikia akiuliza swali moja tu.

"Padre, na wale tuliokwisha kuwakataa?"

Padre alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Walio hai, mzee, waendee."

Babu aliahidi kwenda kumwona dada yake baada ya mavuno ya kahawa. Kahawa ikavunwa, ikauzwa. Hakwenda. Sijui kama ni haya au ni ule uzito wa miaka mingi. Habari ya kifo ndiyo iliyomwondoa nyumbani.

Tulifika tukakuta ameshazikwa, na watu wanaingia kanisani kumwombea. Babu alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mimi nilikuwa nyuma yake, naona mabega yake tu. Ndipo harufu ikatufikia.

"Wana uvumba," alininong'oneza.

Misioni ya Liuli ilitokana na chama cha wamisionari kilichoanzishwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. Waanglikana wa mkondo ule walishika mavazi ya ibada, kengele, uvumba, na sala za kuwaombea marehemu. Tuliishi mwendo wa usiku mmoja na sehemu ya mchana kutoka kwao, wala hatukulijua hilo. Tulichojua ni kwamba wamepotea.

Babu aliingia. Alipiga magoti nyuma kabisa, akafanya ishara ya msalaba, na mama mmoja asiyemfahamu akasogea ili ampishe. Alilia waziwazi, mzee yule ambaye sikuwahi kumwona akilia.

Wakati wa kurudi hakusema kitu mpaka tulipoanza kupanda mlima. Alikaa juu ya jiwe, akaomba maji.

"Mjukuu wangu," alisema, "nimewahukumu watu hawa miaka yote hii, na sikuwahi kusikia hata sala yao moja."

Hakuacha kuwa Mkatoliki. Alifundisha katekisimu mpaka macho yalipomwishia. Ila mwezi uliofuata, kabla ya Siku ya Marehemu Wote, alinipa karatasi ya majina nimpelekee padre, kama kila mwaka. Jina la kwanza lilikuwa la dada yake. La pili lilikuwa la shemeji yake, ambaye hakuwahi kumpa mkono.